Robo Milimita kwa Wiki Mbili

Mwaka 1945, katika mji mdogo wa La Porte, jimbo la Indiana, daktari wa meno Harold Kesling alichapisha makala kuhusu kifaa alichokibuni cha kumalizia kazi ya nyaya. Mgonjwa alipokaribia kuvuliwa vyuma, Kesling alichukua umbo la meno yake kwa plasta, akayakata meno hayo ya plasta moja moja, kisha akayapanga upya kwenye nta yakae alivyotaka yakae. Juu ya mpangilio huo mpya alifinyanga kipande cha mpira kilichoshika meno ya juu na ya chini kwa pamoja. Mgonjwa alikiuma, mpira ukajivuta kurudi kwenye umbo lake, na meno yakaufuata.

Katika makala hiyo hiyo alidokeza jambo jingine. Mtu angeweza kutengeneza vifaa kadhaa vya namna hii, kila kimoja kikiwa kimesogeza meno kidogo kuliko kilichotangulia, na kwa mfululizo huo akamaliza hata kazi kubwa. Aliona pia kwamba kwa zama zake haikutekelezeka. Alipatia kote kuwili. Alaina angavu, yaani zile plastiki nyembamba zinazovikwa juu ya meno na kuvuliwa wakati wa kula, hutangazwa leo kama uvumbuzi wa karne hii, lakini wazo lake lilikuwa limeshaandikwa kabla vumbi la Vita Vikuu vya Pili halijatua. Lilikaa rafuni miaka 50 na ushei kwa hesabu moja rahisi: nani angekaa kukata na kupanga upya meno ya plasta mara 20 au 30 kwa mgonjwa mmoja, na nani angemlipa?

Kusukuma jino kwenyewe ni kazi ya kale. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliagiza kwamba jino la ukubwani likichomoza kabla la utotoni halijang'oka, la utotoni liondolewe, na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha juzuu mbili kuhusu utabibu wa meno, alieleza ukanda wa dhahabu au fedha uliopindwa kufuata mviringo wa taya na kutobolewa matundu. Meno yaliyokaa upande yalifungwa kwenye ukanda huo kwa uzi, nao ukayavuta taratibu. Kwa asiyekuwa na subira, Fauchard alikuwa na njia ya pili: kulilegeza jino kwa koleo, kulinyoosha kwa mkupuo mmoja, kisha kulifunga hadi lishike. Na wakati huo ganzi ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Sababu ya jino kukubali kusukumwa ilianza kueleweka vizuri mwaka 1904, pale Msweden Carl Sandstedt alipoyavuta meno ya mbwa kwa waya kisha akayatazama mataya yao chini ya hadubini. Jino halikugongelewa kwenye mfupa kama msumari ubaoni. Limeshikiliwa na utando wa nyuzi nyembamba, na likisukumwa, mfupa wa upande linakoelekea hulika, huku mfupa mpya ukijengwa upande linakotoka. Mchakato huo unataka wiki, tena unataka nguvu ndogo. Ukisukuma kwa pupa, damu inakatika kwenye utando, seli zinakufa na jino linagoma. Ndiyo maana alaina moja hupangiwa kusogeza jino takriban robo milimita tu, kiasi kinachokaribia unene wa utando wenyewe, na kwa miaka mingi agizo lilikuwa ni kuivaa saa 20 hadi 22 kwa siku kwa muda wa wiki mbili kabla ya kuvaa inayofuata.

Kati ya Fauchard na Kesling alikuwapo mtu mmoja ambaye kivuli chake hakijaondoka kwenye fani hii. Edward Angle, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1855, alifungua mjini St. Louis mwaka 1900 shule ya kwanza iliyofundisha kupanga meno na si kitu kingine. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechapisha mgawanyo wake wa namna tatu za kuumana kwa meno, akipima kwa gego la kwanza la juu na la chini, na mpaka leo daktari wa hospitali ya Muhimbili au wa Nairobi huandika kwenye faili la mgonjwa daraja la kwanza, la pili au la tatu la Angle. Alikuwa mbishi, mwenye maneno makali kwa waliopingana naye, na alijua biashara: alijipatia hataza za vifaa vyake na kuvitoa sokoni kwa jina lake. Kifaa chake cha mwisho, alichokichapisha mwaka 1928, miaka miwili kabla ya kufa, ndicho babu wa vyuma vyote vya kisasa vyenye kijishimo cha mstatili kinachobana waya.

Angle alitaka meno yote 32 yabaki kinywani na yapangane kwenye mstari mmoja mzuri. Alitaka pia kanuni ya uso mzuri, na kwa muda mrefu kipimo chake kilikuwa sanamu ya Kigiriki ya Apollo. Alipomwendea msanii Edmund Wuerpel wa St. Louis kumwomba fomula ya urembo, Wuerpel alimjibu kwamba kitu hicho hakipo, kwa kuwa kila uso una ulinganifu wake. Angle angefika Afrika Mashariki angepata ushahidi zaidi. Huku mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu ni sifa ya kuimbiwa, na wapo wasiozaliwa nao waliotafuta fundi wa kuwatengenezea. Wamakonde walichonga meno ya mbele yakachongoka. Wajaluo waling'oa sita ya chini kama alama ya kuingia utu uzima. Kila mmoja wa hawa alikuwa na jambo alilolinyoosha, ila si kwenye mstari wa Angle. Mstari huo ulienea duniani pamoja na vyuo, vitabu na sinema za Marekani, na alaina zilipokuja ziliukuta umeshakubalika.

Vyuma vya Angle na warithi wake vilifanya kazi, lakini vilionekana. Hadi miaka ya 1960 kila jino lilivishwa pete nzima ya chuma; ni baada ya Michael Buonocore kuonyesha mwaka 1955 kwamba asidi inaweza kulikwaruza jino likashika gundi, ndipo baadaye ilipowezekana kubandika kipande kidogo tu mbele ya jino. Kwa mtoto wa shule hilo lilitosha. Mtu mzima mwenye kazi ya kuonana na watu aliendelea kusita. Miaka ya 1970 Craven Kurz wa Beverly Hills alianza kuvibandika vyuma upande wa ndani, unakogusa ulimi, na husimuliwa kwamba mmoja wa wagonjwa waliomsukuma kufikiri hivyo alikuwa mhudumu wa klabu ya Playboy. Wakati huo huo Kinya Fujita wa Japani alikuwa akifanya jambo lile lile kwa sababu tofauti kabisa: wacheza karate na judo walipigwa mdomoni, na vyuma vya mbele vikawachana midomo. Njia hiyo ipo hadi leo. Ni ghali, inamchosha daktari, na kwa wiki za mwanzo inamfanya mtu azungumze kama aliyeungua ulimi.

Upande wa plastiki nao ulikuwa ukisogea polepole. Mwaka 1964 Henry Nahoum wa New York alieleza jinsi ya kulainisha karatasi ya plastiki kwa joto na kuivuta kwa mashine ya kufyonza hewa juu ya meno ya plasta, ikatoka na umbo kamili. Mwaka 1971 Robert Ponitz aliandika kuhusu riteina zisizoonekana, vifuniko vya namna hiyo vya kuyazuia meno yaliyokwisha kunyooshwa yasirudi. John Sheridan wa Louisiana, mwaka 1993, alipendekeza plastiki nyembamba zaidi aliyoiita Essix, na akaonyesha kwamba kwa kuifinya hapa na kuitoboa pale ingeweza kusogeza jino moja au mawili. Yote haya yalifanyika kwenye maabara ndogo za meno, kwa mkono. Kila hatua mpya ilihitaji plasta mpya, na mfululizo wa Kesling ukabaki karatasini.

Aliyeufungua hakuwa daktari. Zia Chishti, aliyelelewa Lahore na baba Mpakistani na mama Mmarekani, alisoma uchumi na kompyuta Chuo Kikuu cha Columbia, akafanya kazi benki, akaenda Stanford kusomea biashara. Alikuwa amevaa vyuma akiwa mtu mzima, na baada ya kuvuliwa alipewa riteina. Akiacha kuivaa siku kadhaa, meno yalisogea. Akiirudisha, plastiki ilibana, kisha meno yakarudi mahali pake. Kama plastiki inaweza kulirudisha jino hatua moja, aliwaza, basi plastiki nyingi zinaweza kulipeleka hatua nyingi. Mwaka 1997 yeye na mwanafunzi mwenzake Kelsey Wirth, pamoja na wataalamu wa kompyuta Apostolos Lerios na Brian Freyburger, walianzisha kampuni ya Align Technology huko California. Kati ya waasisi hao wanne hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuziba jino.

Walichokuwa nacho ni jibu la hesabu iliyomshinda Kesling. Daktari alichukua umbo la meno ya mgonjwa na kulituma kwa posta. Kampuni iliyageuza meno hayo kuwa picha ya kompyuta; njia mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuizamisha plasta ndani ya utomvu mgumu, kuikata matabaka membamba na kupiga picha kila tabaka hadi plasta yote ikaisha. Fundi aliyatenganisha meno kwenye skrini na kuyasogeza kwa kipanya badala ya msumeno, programu ikaigawa safari yao katika vituo, na mashine ya kuchapisha kwa pande tatu, teknolojia ambayo Charles Hull aliisajili kwa hataza mwaka 1986, ikatoa modeli ya kila kituo. Juu ya kila modeli ikavutwa plastiki ya moto, kama alivyofanya Nahoum, kisha modeli ikatupwa. Ajabu ya mambo ni kwamba kiwanda hicho cha meno kikawa miongoni mwa watumiaji wakubwa kabisa duniani wa uchapishaji wa pande tatu, na bidhaa iliyochapishwa haikumfikia mteja yeyote.

Mafundi wa skrini walikuwa Lahore. Chishti aliujua mji, alijua una wahitimu wengi na mishahara midogo kuliko California, na intaneti ilikuwa imeanza kubeba mafaili makubwa. Kwa hiyo jino la Mmarekani lilisogezwa kwanza na kijana wa Punjab, daktari akalitazama kwenye kompyuta yake na kukubali au kukataa, ndipo plastiki ikatengenezwa. Hapo ndipo mikono iliyokosekana mwaka 1945 ilipopatikana. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa kibali mwaka 1998, alaina za kampuni, zilizoitwa Invisalign, zikaanza kuuzwa mwaka 1999, matangazo ya televisheni yakafuata mwaka 2000, na Januari 2001 hisa za kampuni zikaingia sokoni. Miezi minane baadaye yalitokea mashambulizi ya Septemba 11, vita vikawaka nchi jirani ya Afghanistan, na kampuni ikaihamishia kazi ya Lahore nchini Costa Rica. Chishti mwenyewe aliondoka kwenye uongozi mwaka 2002.

Madaktari hawakulipokea jambo hili kwa vigelegele. Wengi wa mabingwa waliona kampuni ya watu wa kompyuta ikizungumza na wagonjwa wao kupitia televisheni, na walikuwa na haki ya kuguna, kwa kuwa tafiti zilikuwa chache. Mwaka 2005 wahakiki wawili, Lagravère na Flores-Mir, walipekua maandishi yote ya kitaalamu kuhusu Invisalign na kukuta tafiti mbili tu zilizofikia vigezo vyao. Mwaka 2009 mtafiti Kravitz na wenzake walipima tofauti kati ya kilichoahidiwa kwenye skrini na kilichotokea kinywani: kwa wastani meno ya mbele yalikuwa yametimiza asilimia 41 ya mwendo uliopangwa. Walipopima tena mwaka 2020, baada ya plastiki kuboreshwa na vinundu vidogo vya kubandika kwenye meno kuongezeka, wastani ulifika asilimia 50. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa kwamba baada ya alaina 20 atahitaji nyingine kadhaa za kurekebisha hajafanyiwa hila. Ni kawaida ya kifaa. Kuliinamisha jino kinaweza vizuri. Kulizungusha chonge lenye shina la mviringo, au kulivuta jino litoke nje ya ufizi, ni kazi ambayo waya bado unaishinda plastiki.

Mabingwa hao hao, hata hivyo, walipata mshtuko wa pili. Mwanzoni kampuni iliwauzia wao tu, madaktari wa meno wa kawaida wakaenda mahakamani, na tangu mwaka 2001 nao wakafundishwa na kuuziwa. Huu ni ugomvi wa zamani kwenye fani hii: nani ana haki ya kufanya, na nani analipwa kwa kila kinywa.

Umewahi hata kumwaga damu. Katika karne ya 19 kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ilishikilia hataza ya kutengeneza meno ya bandia kwa mpira uliopashwa moto pamoja na salfa, na kila daktari wa Marekani aliyeutumia alitakiwa kulipia leseni pamoja na mrabaha kwa kila seti. Mweka hazina wake, Josiah Bacon, alizunguka nchi akiwashtaki wasiolipa. Mmoja wao, Samuel Chalfant, alihama mji baada ya mji, na Bacon akamfuata hadi San Francisco. Jumapili ya Pasaka, Aprili 13, 1879, Chalfant aliingia chumbani kwa Bacon katika hoteli ya Baldwin na kumpiga risasi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Hataza iliisha mwaka 1881 na hapakuwa na aliyeililia.

Vita vya alaina vilipiganwa kwa mawakili, lakini kwa ukaidi ule ule. Mwaka 2005 Chishti alirudi sokoni na kampuni nyingine, OrthoClear, akifanya kazi na mafundi wa Lahore. Align ikamshtaki. Mwaka 2006 pande mbili zilipatana: Align ililipa dola milioni 20, OrthoClear ikaacha kupokea wagonjwa, na matibabu ya waliokuwa katikati ya safari yakakatizwa. Miongoni mwa madaktari walioachwa hewani alikuwa Willis Pumphrey wa Houston, aliyeamua kutengeneza alaina zake mwenyewe, na ClearCorrect ikazaliwa.

Kesi iliyofuata ilivuka mipaka ya meno. ClearCorrect ilikuwa ikiandaa modeli za kompyuta Pakistan, kuzituma kwa intaneti, na kuzichapisha Texas. Align iliiomba Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani izuie mafaili hayo kuingia nchini kama inavyozuiwa bidhaa bandia bandarini, na mwaka 2014 Tume ilikubali kwamba data nayo ni bidhaa. Chama cha watengeneza filamu wa Hollywood kiliiunga mkono Tume, kwa kuwa filamu nazo huibwa kwa njia ya waya. Novemba 2015 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilitengua uamuzi huo: bidhaa kwa mujibu wa sheria ni kitu kinachoshikika. Sheria moja ya msingi ya biashara ya kidijitali ilipatikana kwa sababu ya plastiki za kuvaa mdomoni.

Kuanzia mwaka 2017 hataza za mwanzo za Align zilianza kuisha, na kampuni zikachipua kila upande. China ilikuwa na ya kwake, Angelalign, ambayo iliingia soko la hisa la Hong Kong mwaka 2021, na hisa zake zikapanda zaidi ya maradufu siku ya kwanza. Lakini iliyokwenda mbali kuliko zote ilikuwa SmileDirectClub, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2014. Yenyewe ilimwondoa kabisa daktari wa ana kwa ana. Mteja alipokea boksi kwa posta, akajichukulia umbo la meno, akalirudisha, na alaina zikamfikia nyumbani kwa bei ya takriban dola 2,000, chini sana ya gharama ya kliniki. Daktari mwenye leseni aliidhinisha kwa mbali. Vyama vya madaktari vilipiga kelele: bila eksirei na bila kuzigusa fizi, nani atajua kama kuna shina linalooza au mfupa uliokwisha kulika? Kusogeza jino lililolegea ni njia ya kulipoteza.

Septemba 2019 hisa za SmileDirectClub ziliuzwa kwa dola 23 kila moja, kampuni ikathaminiwa karibu dola bilioni 9. Septemba 2023 iliomba ulinzi wa mufilisi, na Desemba mwaka huo huo ilifunga milango. Wateja waliokuwa katikati ya safari waliambiwa wamtafute daktari wa karibu. Waliokuwa wakilipa kwa awamu waliambiwa waendelee kulipa. Mshindani wake Byte, aliyenunuliwa na Dentsply Sirona kwa zaidi ya dola bilioni moja, naye alisimamisha mauzo Oktoba 2024.

Alaina sasa zipo kwenye kliniki za Nairobi na Dar es Salaam, chache na za bei ya juu, na matangazo yake huja kwenye simu kabla hujayatafuta. Anayefikiria kuzivaa aulize mambo manne kabla ya kutoa pesa: kama atapigwa eksirei na kupimwa fizi kwanza, ni daktari gani atakayemwona kwa macho kila baada ya wiki kadhaa, alaina za marekebisho zimo kwenye bei au la, na riteina ya usiku itagharimu kiasi gani. Hilo la mwisho asilipuuze, kwa sababu kazi ya kuyasukuma meno ina tarehe ya kuisha, na kazi ya kuyazuia yasirudi haina.